Uzito uko mguu gani? Niliyoyapata kwa kupozisha watu studio, Tanga

Kabla sijafungua studio yangu nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la picha hapa hapa Tanga mjini, na kazi yetu kubwa ilikuwa pasipoti saizi. Pasipoti ina pozi moja tu: kaa wima, tazama kamera, uso wote uonekane, usicheke. Mteja analijua, mpiga picha analijua, dakika tano mtu ameshatoka na bahasha yake. Ukifanya hivyo miaka kadhaa unaanza kujiita mpiga picha. Nikakopa kikoba, nikapanga chumba Ngamiani kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, nikaandikisha bango: harusi, sendofu, mahafali, familia.

Mkopo karibu wote uliishia kwenye vifaa. Fleshi mbili za studio na stendi zake, softboksi kubwa (lile boksi la kitambaa linalolainisha mwanga wa taa), mwavuli wa taa, mapazia matatu ya nyuma na bomba la kuyaning'inizia: zaidi ya shilingi 1,500,000 kabla hata sijalipa kodi ya miezi sita, ambayo mwenye nyumba aliitaka kwa mkupuo. Nataja pesa ili anayefikiria njia hiyo hiyo ajue ilikwenda wapi. Taa zilifanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza. Kilichonitoa jasho ni mtu aliyesimama mbele ya hizo taa akaniuliza, "Dada, nikae vipi?"

Jibu nilikuwa nalo kwenye simu: mamia ya pozi niliyoyahifadhi kutoka Pinterest. Akaja binti mmoja wa sendofu na shangazi yake. Gauni la kijani, ushungi wa rangi ya dhahabu, hina imepanda hadi karibu na kiwiko. Nikamwonyesha picha ya mwanamitindo mrefu aliyesimama upande, mkono kiunoni, kichwa amekitupa nyuma. "Simama hivi." Akasimama hivyo, kiungo kwa kiungo, na bado haikuwa hivyo. Mabega yalikuwa yamepanda kuelekea masikioni. Vidole vya kiunoni vilikaza mpaka gauni likakunjamana chini yake. Nikamwambia, "Legea kidogo, mdogo wangu." Hapo ndipo alipokakamaa kabisa. Mtu akiambiwa alegee anaanza kujitazama mwenyewe, na anayejitazama halegei.

Siku ya kuchukua picha shangazi alizipitia zote bila haraka, akazirudisha kwenye bahasha. "Mwanangu, picha zina mwanga mzuri," akasema. "Lakini huyu si mtoto wetu." Nikarudisha nusu ya pesa, na gharama ya kuchapa nikaibeba mimi. Siku ile nilifunga mlango mapema, nikaenda kukaa Raskazone nikitazama watu wakiogelea huku napiga hesabu ya marejesho ya kikoba, ambayo hayakuwa na habari kama shangazi amependa au hakupenda.

Aliyenitoa hapo hakuwa mpiga picha. Ni bibi aliyemleta mjukuu wake kupiga picha ya shule, akawa anasubiri kwenye benchi huku mimi nahangaika na msichana wa mahafali. Bibi huyu, kwa maelezo yake, ujanani alicheza lelemama, ile ngoma ya taratibu ya akina mama wa pwani ambayo ukikosea shingo kila mtu anakuona. Alivumilia, akashindwa. "Mwanangu, huyu mtoto umemsimamisha kwa miguu miwili. Miwili ni ya askari. Mmoja mpe kazi, mmoja uache upumzike."

Akainuka, akashika mwimo wa mlango, akauacha mwili ukae juu ya mguu wa kushoto, goti la kulia likalegea. Sikumwona akifanya kitu kingine chochote. Lakini nyonga ya upande uliobeba ilipanda, bega la upande huo huo likashuka, shingo ikajitafutia mahali pake. Kanga ya kushindia nyumbani, ndala miguuni, na alikuwa amependeza kuliko mtu yeyote niliyempiga mwezi ule. Nilisahau kumpiga picha, jambo ambalo linaniuma mpaka leo.

Baadaye, nilipoanza kusoma, nikakuta wachongaji wa Ugiriki walilijua jambo hilo tangu karne ya 5 kabla ya Kristo. Sanamu ya mbeba mkuki ya Polykleitos, ambayo siku hizi inajulikana kwa nakala za Kirumi, imeweka uzito wote juu ya mguu wa kulia. Nyonga zimeinamia upande mmoja, mabega upande mwingine. Mwili ukibebwa na mguu mmoja haubaki umenyooka, unapata mpindo kutoka kisigino hadi shingoni, na macho ya mtazamaji yana pa kupita. Bibi hakuwa na haja ya Polykleitos. Mimi nilikuwa nayo, maana kuona jambo lile lile sehemu mbili kulinipa uhakika kwamba si mtindo wa msimu.

Tangu hapo, kabla sijashika kamera, najiuliza kimoyomoyo: uzito uko mguu gani? Kwa mwanamke aliyevaa gauni nauhamishia mguu ulio mbali na kamera. Kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa na kilicho mbali hupungua, kwa hiyo nyonga ikirudi nyuma, kifua na uso vikaja mbele kidogo, umbo linajichora bila mtu kubana pumzi. Kazi ilikuwa kulisema. "Hamishia uzito mguu wa nyuma" haikueleweka. Wengine waliegemea nyuma mwili mzima, mmoja nusura aangushe pazia. Nilijaribu maneno mengi mpaka nikapata haya: "Simama kama unasubiri bajaji na imechelewa." Hapo hakuna wa kumfundisha mtu. Goti moja linalegea lenyewe.

Nikishapata miguu naugeuza mwili pembeni, karibu nyuzi 45 kutoka kwenye kamera. Mara nyingi mwili unakwenda upande usio na taa kubwa, halafu uso unarudi kuifuata taa. Gauni lenye lesi au shanga linapata mwanga wa ubavuni, na kazi ya fundi inaonekana kila tundu. Ukilimulika uso kwa uso inakuwa rangi tupu. Mkono nauachanisha na ubavu hata kwa upana wa vidole viwili, ili pazia la nyuma lionekane katikati. Mkono uliobanwa ubavuni unatanuka, na kiuno kinapotelea ndani yake.

Hili la kiuno usilifanye kabla ya kuuliza. Kwa muda mrefu nilidhani kila mwanamke anataka kiuno kionekane. Wengi wanaokuja kwangu wamevaa baibui au abaya pana, na kuna anayetaka umbo kidogo na kuna asiyetaka kabisa. Anayetaka, namkusanyia kitambaa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, nao wakiviona wanacheka, na kicheko kile chenyewe ni msaada. Asiyetaka, uzuri wa picha yake nautafuta kwenye mikunjo: namwambia apige hatua moja polepole kuja kwangu, asimame hapo hapo, nguo ianguke yenyewe. Na jihadhari na baibui jeusi juu ya pazia jeusi. Nilipata picha ya uso na viganja viwili vinavyoelea. Sasa taa ya pili naiweka nyuma pembeni ichore ukingo wa bega na ushungi, au natumia pazia la kijivu, ambalo ndilo nililopaswa kununua kwanza badala ya lile lenye maua.

Ushungi wenyewe una mambo yake ambayo kwenye zile pozi za simu huyakuti. Ukitokeza mbele ya paji la uso unatia kivuli machoni, kwa hiyo ama unarudishwa kidogo na mwenyewe mbele ya kioo, ama taa inashuka. Pini iliyobana sana chini ya kidevu inasukuma nyama ya shavu mbele. Na uso ukigeuka ushungi haugeuki nao, unabaki ulipo, na shavu moja linamezwa. Kwa hiyo kwanza geuka, ndipo upange kitambaa. Nilikuwa nafanya kinyume, mteja anapanga ushungi dakika kumi, mimi namgeuza, unaharibika, tunaanza upya, na joto la Januari hilo mnalijua. Kaskazi ikivuma na umeme ukakatika, mekapu haingoji mtu. Weka tishu karibu, mfute jasho kwa kugandamiza, si kwa kusugua, na wateja wa picha nzito wapangie asubuhi.

Sasa mikono. Nina uhakika mikono imeharibu picha nyingi kuliko nyuso zote zikijumlishwa. Kiganja kikielekezwa kwenye kamera kwa upana wake wote, mbele au nyuma, kinakuwa kikubwa kushindana na uso. Kawaida nageuza mkono uonekane kwa ubavu, upande wa kidole kidogo, kifundo kimekunjwa kidogo, vidole vimeachana bila kulingana. Halafu akaja bi harusi mwenye piko na hina ya maua mpaka kwenye ncha za vidole, kazi ya usiku mzima, na mimi nikamgeuzia mikono ubavu. Alinitazama tu. Alikuwa amelipia mikono ile kuliko alivyonilipa mimi!

Kwa bi harusi mwenye hina kanuni ile inapinduka: mgongo wa kiganja ndio picha. Tulichofanya ni kuupeleka mkono mmoja juu ya mwingine, usawa wa kifua, wa juu umelala mshazari ili vidole vya mikono miwili visielekee upande mmoja. Nikamwambia ashike pindo la mtandio kwa kidole gumba na cha kati, kwa wepesi wa mtu asiyetaka kulikunja. Kidole cha shahada kikabaki huru, kikapinda chenyewe. Nilirudi nyuma kidogo na kamera ili mikono isitangulie sana mbele ya uso, nikapiga. Ile picha ndiyo ipo kwenye bango langu hadi sasa, kwa ridhaa yake, na kwenye bango uso wake hauonekani, mikono tu.

Kumpa mtu kitu cha kushika ni hekima ya zamani ya studio za Afrika. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako nchini Mali mwaka 1948, alipiga wengi kwa mwanga wa mchana uani, kitambaa cha kitandani kikiwa pazia la nyuma, na aliweka saa, redio, hata skuta kwa ajili ya wateja. Ukizitazama picha zake utaona watu wamegeuzwa mshazari, mkono mmoja una kazi, mwingine umetulia. Studio za pwani yetu zilifanya hivyo hivyo. Unguja kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa mwaka 1930, na majumbani hapa Tanga bado zipo picha za zamani za babu na bibi waliokaa pembeni ya kimeza chenye maua, kiwiko juu ya kimeza. Waombe wateja wako wakuletee za kwao. Ni darasa la bure, na mteja anayekuonyesha picha ya bibi yake anakuwa ameshaanza kukuamini.

Kwa wanaume mambo ni mafupi zaidi. Mabega yanaweza kutazama kamera zaidi kuliko ya mwanamke, miguu ikaachana, lakini uzito bado mguu mmoja. Bwana harusi mwenye joho na jambia mkono wake unajua pa kwenda. Mwenye kanzu tupu ndiye anayetaabika, maana mifuko yake iko ubavuni na akitia mikono yote miwili kanzu inavutwa na kuharibika mbele. Tia mmoja, kidole gumba kibaki nje, wa pili ashike bakora au tasbihi. Mzee ukimpa bakora yake mwenyewe hana haja ya maelekezo yako.

Uso nao una siri moja ambayo Peter Hurley, mpiga picha za uso wa New York, ameifundisha sana kwenye video zake: leta taya mbele, kisha shusha kidogo. Ukiwa umesimama unajihisi kichekesho, lakini kwenye picha taya linajitenga na shingo na kile kidevu cha pili kinaondoka. Ukimwambia mtu "toa kidevu", anakiinua, na unapiga picha ya matundu ya pua. Mimi nasema "niletee paji la uso", na kidevu kinafuata kikiwa chini. Kwa ushungi fanya nusu ya kiasi hicho, kwa kuwa shingo haionekani na kichwa kikitokeza sana kinaonekana kimetengana na mabega.

Uso ukigeuzwa, simama kabla ncha ya pua haijavuka mstari wa shavu la upande wa pili. Ikivuka kidogo tu, pua inarefuka. Ama rudi, ama geuza moja kwa moja mpaka sura iwe ya ubavu kamili. Macho yafuate pua. Pua ikielekea mlangoni na macho yakirudi kwenye kamera, weupe unazidi na mtu anaonekana ameshtushwa na jambo. Na ndani ya jicho itafute ile nukta ya mwanga wa taa, ikae juu, kushoto au kulia. Ikikosekana inua uso wa mteja kidogo au shusha stendi. Kwa ngozi zetu nyeusi mng'ao laini kwenye shavu na paji ndio unaolipa sura umbo lake, kwa hiyo wateja wanaopakwa poda ya kung'arisha mpaka wanatofautiana rangi na shingo huwa nawaomba, kwa adabu, wapunguze. Mara nyingi mpambaji anakasirika. Basi.

Yote haya nayaonyesha kwa mwili wangu. Simgusi mteja. Nikiwa duka la zamani tulikuwa tunamshika mtu kichwa na kukigeuza, kwa haraka ya foleni, na hakuna aliyelalamika mbele yetu. Nilipoanza kupiga mtu kwa saa nzima nikaona mwili unavyojikunja ukiguswa na mgeni, na kwa mwanaume asiye maharimu halina hata mjadala. Nasimama mbele yake, nafanya mimi, yeye ananifuata ananitazama usoni. Kulia na kushoto nimeviacha kabisa, vinachanganya tukitazamana. Nasema "upande wa mlangoni", "upande wa feni". Ushungi ukihitaji kurekebishwa namwomba aliyekuja naye. Ikibidi kabisa ni mimi, nauliza kwanza, na naeleza ninachotaka kurekebisha.

Sehemu ngumu kuliko zote haikuwa na uhusiano na mikono wala miguu, au ndivyo nilivyodhani. Akina dada wengi wanakuja kwangu kwa sababu mimi ni mwanamke: wanataka picha bila ushungi, nywele zimetengenezwa, za kuweka nyumbani na za kumwonyesha mume. Mmoja alipiga nzuri sana. Kijana niliyekuwa nikimtumia kuhariri akaiona, akaipenda, akaiweka kwenye status yake ya WhatsApp. Haikumaliza hata saa moja. Ilitosha. Kaka yake dada huyo alikuja studio, na baba mwenye nyumba ndiye aliyesimama katikati. Nililia mbele ya watu. Nikaenda nyumbani kwao kuomba radhi, mama yao akanipokea, akanipa chai, akanisema taratibu mpaka nikatamani angenipigia kelele. Kijana akaondoka, wateja wa namna hiyo wakapungua kwa miezi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa ya mwenyewe, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Lakini kwetu hapa kabla ya sheria kuna heshima ya nyumba za watu. Siku hizi picha za faragha nazihariri mwenyewe, kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, nazikabidhi kwa fleshi diski, na memori kadi naifuta mteja akiwa amesimama hapo. Mlango unafungwa, simu zote, pamoja na yangu, zinakaa kwenye kikapu nje. Nilipoanza hivyo niliona jambo ambalo sikulitegemea: mabega yalishuka. Wale waliokuwa wakikakamaa, niliodhani hawajui kupozi, walikuwa wanajiuliza picha itafika wapi. Ukiwajibu swali hilo kabla ya kuwasha taa, nusu ya kazi ya pozi imekwisha.

Niseme kidogo kuhusu chumba, maana nimeona watu wakikodi kwa kuangalia bei tu. Changu kina urefu wa mita 4. Kamera yangu ni ya sensa ndogo, yaani kile kibati cha ndani kinachopokea picha ni kidogo, na kwa lenzi ya 50mm mtu mzima kutoka utosini hadi miguuni, pamoja na nafasi kidogo, anahitaji zaidi ya mita 4 kati yake na kamera. Mteja hawezi kujibana kwenye pazia, atatupa kivuli. Kwa hiyo picha za mwili mzima nazipiga nikiwa nimesimama ukumbini, mlango wazi, na wapangaji wenzangu wakipita na ndoo za maji wanasubiri. Usikimbilie lenzi pana ili ukae ndani: ukimsogelea mtu karibu, pua, goti na mkono ulio mbele vinakua, na pozi nzuri yote inageuka kichekesho. Piga nusu mwili kama nafasi hairuhusu. Kamera iweke usawa wa macho kwa picha ya uso, usawa wa kifua kwa nusu mwili, usawa wa kiuno kwa mwili mzima. Ukiwa juu unawafupisha watu. Na usikate picha kwenye kiungo, iwe goti, kiwiko au kifundo, kata katikati ya paja au juu ya kiwiko.

Mteja mnene usimwambie "jifiche nyuma ya mwenzio", nimeyasikia haya kwa masikio yangu kwa wenzetu. Mkalishe kwenye stuli ndefu, ukingoni, asiegemee, miguu ielekee pembeni, kifua kirudi kuelekea kamera na paji la uso lije mbele. Akina mama wa magoti mabaya wapewe kiti chenye mikono. Mkono mmoja juu ya kiti, mwingine pajani, na kazi imeisha. Maharusi wawili ambao bado wanaoneana haya mbele ya mashangazi usiwaambie wakumbatiane. Wasimame mshazari wakielekeana, bega moja la huyu nyuma ya bega la yule, na mwambie bwana harusi amnong'oneze bibi harusi kiasi cha mahari alichoanza kupunguziwa. Kicheko kinachokuja usikipige. Piga sekunde mbili baada yake, nyuso zikiwa zinatulia.

Bei yangu imepanda, kwa sababu sasa mtu mmoja anachukua saa nzima na sehemu kubwa ya saa hiyo kamera iko mezani, tunaongea, ninaona anavyosimama mwenyewe asipoangaliwa. Wapo wanaosikia bei na kuvuka barabara kwenda kwa jirani. Sawa tu, na anayetaka ya dakika kumi nampigia pia, pozi ya bajaji, uso kwenye taa, kwaheri.

Watoto sijawaweka humu kwa kuwa hawapozishwi. Wa miaka miwili mitatu mkalishe chini sakafuni, nawe ulale kifudifudi usawa wa macho yake, mama asimame nyuma ya bega lako, piga nyingi haraka kabla hajachoka. Na siku ya Idi usimpangie mtu mzima yeyote kati ya saa nne asubuhi na adhuhuri.